Pai ya Nyama kwa Unga wa Maji ya Moto

Mama zangu, dada zangu na ndugu zangu mlioacha shughuli zenu mkaja kunisikiliza, asanteni sana. Nimeombwa nizungumzie pai ya nyama inayoweza kupikwa nyumbani bila taabu, nami nimekubali kwa furaha, kwa kuwa naamini pai imeonekana ngumu huku kwetu pwani kwa sababu moja tu: unga tuliofundishwa kuukanda haupatani na joto letu.

Maelekezo mengi ya pai huanza na siagi baridi, ambayo hukatwakatwa na kupekechwa katika unga kwa ncha za vidole, kisha huongezwa maji ya barafu. Siagi hiyo inatakiwa ibaki vipande vigumu mpaka iingie motoni, kwani ni humo ndani ya oveni ndimo maji yake yanamogeuka mvuke na kuyainua matabaka ya unga. Lakini siagi huyeyuka kati ya nyuzi 32 na 35 za Selsiasi, na hulainika mapema zaidi ya hapo. Na hapa Tanga mwezi wa Februari, jikoni panapowaka moto, ni nani anayeweza kuizuia? Pai yangu ya kwanza niliikanda katika hali hiyo. Siagi iliniyeyukia viganjani, unga ukanywa mafuta, na ganda likatoka gumu kama kigae. Nilirudia mara tatu nikidhani nimekosea vipimo, na kila mara nikapoteza nyama nzuri.

Uko unga mwingine wa pai, wa zamani, ambao Waingereza huutumia kwa pai zao zinazosimama zenyewe, kama zile za mji wa Melton Mowbray, nao haudai baridi hata kidogo, kwa sababu hukandwa kwa maji yaliyochemka pamoja na mafuta. Wao hutumia mafuta ya nguruwe. Samli yetu inaifanya kazi hiyo vizuri kabisa. Kwa chombo cha duara chenye upana wa sentimita 20, pimeni unga wa ngano gramu 350, samli gramu 120, maji mililita 140 na chumvi kijiko kidogo cha chai. Maji, samli na chumvi huwekwa pamoja katika sufuria ndogo mpaka samli iyeyuke yote na maji yachemke, kisha humiminwa katika unga papo hapo, hukorogwa kwa mwiko, na hukandwa mara tu mkono unapoweza kulivumilia joto. Maji ya moto huuvimbisha wanga, na mafuta huzifunika chembe za unga zisishikamane kwa nyuzi ndefu zenye kuvutika, hivyo mnapata donge laini linaloshika umbo kama udongo wa mfinyanzi. Anayekanda chapati zake kwa maji ya moto ili zilainike anaijua tayari nusu ya kazi hii. Donge likipoa hukakamaa na kupasuka, na katika nchi za baridi mpishi hulazimika kukimbizana nalo; huku kwetu joto lilelile lililotuharibia siagi ndilo linalotupa nafasi ya kufanya kazi kwa utulivu.

Sasa nyama, na hapa naomba tuwe na subira. Nyama ya pai sharti iwe kavu, na sharti iwe imepoa. Wakaangaji wa sambusa hawahitaji kuambiwa hili, maana wanajua manda huwa vipi inapotiwa kima chenye maji. Chukueni kima nusu kilo, mkiweke katika kikaango kipana bila mafuta, mkivuruge mpaka maji yake yote yatoke na kukauka, na mpaka msikie sauti ya kukaanga badala ya kutokota. Hapo ndipo vinapoingia vitunguu maji viwili vilivyokatwa vidogo, thomu na tangawizi vilivyotwangwa, pilipili manga, bizari nyembamba iliyokaangwa na kusagwa, na dalasini kidogo sana. Kitunguu nacho kina maji, kwa hiyo msiepue kabla hakijakauka. Mimi huongeza kiazi kimoja kilichochemshwa na kupondwa, ambacho hufyonza mchuzi wowote uliosalia, kisha limau na kotmiri baada ya kuepua. Mtandaze nyama hiyo katika sinia mpaka ipoe kabisa, kwani ikifunikwa ingali moto, mvuke wake hugeuka maji na kuacha ganda la chini chepechepe.

Huenda mtu akauliza kama nyama inaweza kutiwa mbichi. Huko Cornwall, Uingereza, ndivyo wafanyavyo katika pai yao ya mkononi, ambayo jina lake lililindwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2011. Lakini kima sharti kifikie nyuzi 71 katikati, na kwa jiko la makaa lisilo na kipimo siwashauri kujaribu.

Tengeni theluthi ya donge kwa ajili ya kifuniko na mwifunike kwa kitambaa. Sehemu iliyobaki itandazeni kwa vidole ndani ya chombo kilichopakwa samli, unene wa nusu sentimita, mwipandishe ukutani, mjaze nyama, mfunike, mlowanishe kingo na kuzibana, mtoboe tundu katikati, kisha mpake yai.

Mwenye oveni aoke kwa nyuzi 200 dakika 20, halafu 180 dakika 30. Asiye nayo asisikitike, kwa maana bibi zetu walipalia mkate wa kumimina makaa juu na chini tangu zamani. Wekeni mchanga mkavu, safi, kimo cha vidole viwili, ndani ya sufuria kubwa nzito. Ifunikwe ipate moto dakika 15, kisha pai iingie. Makaa yawe machache chini na mengi juu ya mfuniko, na kazi hii ifanyike uani, kwa sababu moshi wa makaa una sumu isiyo na harufu. Pai ikikaribia kutimiza muda wa saa moja motoni, tazameni: ganda likiwa la rangi ya kahawia na limejitenga na ukuta wa chombo, pai imeiva. Iacheni itulie dakika 20 kabla ya kukatwa, ama sivyo nyama itamwagika yote sahanini.

Makaa niliyowasha kabla ya kuanza kuzungumza yamekwisha kukolea, na unga uko mezani umepimwa. Naomba watu wawili wapite mbele, mmoja akande na mwingine akaange kima.