Kabla ya Kulipia Nyumba: Jaribu Umeme, Maji na Karo Mwenyewe

Karibu mtazamaji. Leo tuko Mbezi, Dar es Salaam, kwenye nyumba inayouzwa. Mambo ya hati na mipaka yana video yake. Hapa tunakagua umeme, maji na maji taka, na nakuomba sana uyafanye haya kabla hujatoa hata kishika uchumba. Ukishalipa, hakuna dalali atakayepokea simu yako kuhusu karo, yaani shimo la maji taka, lililojaa.

Tunaanza na mita ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, hii hapa ukutani. Piga picha namba yake. Sasa toa simu yako, nunua umeme wa shilingi 5,000 kwa namba hiyo hiyo. Ndiyo, umeme atautumia mwenye nyumba, lakini ujumbe utakaorudi ni wako, na una habari nyingi kuliko maelezo ya muuzaji. Usome mstari kwa mstari. Utaona VAT, kisha tozo ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, asilimia 1, na ya REA, wakala wa nishati vijijini, asilimia 3. Hayo ni ya kila mtu. Chini yake kuna kodi ya jengo, ambayo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU. Ikiwa kubwa kuliko ya mwezi mmoja, ni malimbikizo ya miezi ambayo hakuna aliyenunua umeme. Kisha tafuta makato ya deni. Ukiyakuta, muulize muuzaji deni hilo ni la nini, na lilipwe kabla ya mauziano.

Ingiza kwenye mita zile tarakimu 20 za tokeni zilizo kwenye ujumbe. Mita ikikataa, usishtuke. Mita za LUKU zilitakiwa kuboreshwa kabla ya tarehe 24 Novemba 2024, na nyumba iliyokaa tupu muda mrefu huenda ilipitwa. Muuzaji awaombe TANESCO, shirika la umeme, tokeni za maboresho, ziingizwe kwanza, ndipo ya umeme ifuate.

Usiondoke hapo kwenye mita bado. Angalia kitaa hiki kidogo. Kinapepesa kadiri umeme unavyotumika. Mwambie mwenzako awashe pasi ndani. Kimeongeza kasi, umeona? Sasa zima swichi kuu. Kikiendelea kupepesa, kuna mtu ameunganishwa humo, mara nyingi vyumba vya uani au jirani. Na pasi ikiwaka huku kitaa kimetulia tuli, basi yawezekana umeme unapita pembeni ya mita. Huo ni wizi, na wewe ndiye utakayekutwa ndani siku ya ukaguzi. Hapo simamisha kila kitu mpaka TANESCO waje waikague.

Rudi tena jioni, kati ya saa moja na saa tatu usiku, mtaa mzima ukiwa umewasha taa. Friji ikigoma na feni ikizunguka kwa uvivu, mtaa huo una umeme mdogo. Fundi wako wa nyaya hawezi kulitibu hilo.

Twende kwenye maji, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapoumia. Umefungua koki ya jikoni, maji yanatoka kwa nguvu, umeridhika. Hayo ni maji ya simtanki! Yanaweza kuwa yameletwa na boza jana. Tafuta koki iliyo karibu na mita ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, kabla bomba halijapanda kwenye tanki, uifungue hiyo. Isipotoa kitu, waulize majirani siku za mgao, kisha rudi siku hiyo na ndoo ya lita 20, uhesabu inajaa kwa dakika ngapi. Maeneo ya miinuko kama haya, maji yanaweza kufika bondeni na huku juu yasifike.

Yakiwa yanatoka, funga koki zote za nyumba pamoja na ile inayoingia kwenye tanki, kisha tazama mita. Kigurudumu kikizunguka, kuna bomba linalovuja chini ya ardhi. Omba pia ankara ya mwisho, uangalie kama kuna deni la nyuma.

Kama ni kisima kirefu, yaonje kwanza kama yana chumvi, halafu peleka sampuli maabara. Muuzaji akuonyeshe na kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu.

Sasa maji taka. Muulize lilipo karo, na akuonyeshe kwa mkono. Fungua chemba, yale mashimo ya kukagulia bomba la maji taka, moja moja. Mwaga ndoo mbili chooni kwa mkupuo mmoja huku mwenzako akitazama kwenye chemba. Maji yapite, yasisimame. Ukweli wa karo huonekana masika, Machi hadi Mei, ardhi inapolowa na shimo kukosa pa kumwagia. Ukinunua kiangazi, waulize wapangaji wa jirani gari la kunyonya huja mara ngapi. Hakikisha pia gari hilo lina njia ya kufika kwenye mfuniko. Nyumba iliyozungushiwa ukuta kwenye kichochoro ni shida kubwa kwa hilo.

Taka ngumu na intaneti ni maswali ya haraka: ofisi ya serikali ya mtaa itakwambia gari la taka linapita siku gani, na kampuni ya intaneti itakwambia kama waya wao umefika.

Mwisho kabisa, namba ya mita ya umeme, ya mita ya maji na usomaji wa siku ya makabidhiano viandikwe ndani ya mkataba wa mauziano. Mkishasaini, chukua nakala yake uende TANESCO na DAWASA kubadilisha jina la mteja, wiki hiyo hiyo, muuzaji akiwa bado anapatikana.