Siku Moja Bukoba: Kosta ya Kundi au Miguu Yako?

KOKU: Kabla hujasalimia watu, meza kwanza hicho unachotafuna.

MABULA: Da Koku, hii haimezwi haraka.

KOKU: Wasikilizaji, Mabula mnamjua. Siku mbili simu hapokei, kumbe alipanda meli. Leo kaingia studio na kafungu ka kahawa kamefungwa kwa ganda la mgomba, kakaweka mezani kama mahari. Haya, sema ulikuwa wapi.

MABULA: Bukoba. Nilienda na watu wa ofisini kwa mke wangu. Tumepanda New Victoria usiku hapa Mwanza, pale Bandari ya Kaskazini, tumelala majini, kumekucha tuko Bukoba. Unashinda mjini, usiku unarudi na meli ileile. Sasa waandaaji wa safari wakaja na kifurushi chao: Kosta, mtu wa kutoa maelezo, makumbusho, chakula cha mchana, yote kwa 85,000 kila mtu. Nikakataa. Nikashuka gatini na begi langu mgongoni, nikashika njia, na nimetembea kwa gharama ndogo kuliko hiyo Kosta.

KOKU: Na mke?

MABULA: Mke alipanda Kosta. Hilo tuliache.

KOKU: Tutalirudia. Mimi meli hiyo naijua tangu nabebwa mgongoni, ikiitwa MV Victoria tu, maana iko ziwani tangu 1961. Mama alikuwa akitupeleka nayo kwa bibi kila likizo. Halafu Mei 1996 MV Bukoba ikazama, tukazika watu, na mama hakukanyaga meli tena. Akawa anazunguka na basi, Geita, Biharamulo, Muleba, mpaka miguu inavimba. Kwa hiyo ukiniambia umepanda usiku na umelala, nafurahi. Kweli nafurahi.

MABULA: Nililala fofofo. Tulisimama Kemondo sikusikia.

KOKU: Sasa eleza, kwa nini ulikataa Kosta? Usiseme pesa.

MABULA: Pesa ilikuwepo. Nilikataa kwa sababu mji wa bandari ni mji wa kutembea. Meli imekuweka mlangoni mwa mji, halafu mtu anakuja kukufungia ndani ya gari? Angalia hapa kwetu. Mgeni akishuka Mwanza, hana haja ya gari la mtu. Anatembea anaingia Makoroboi, anawakuta mafundi wanapiga bati, anashuka ziwani kulitazama Jiwe la Bismarck. Akitaka kisiwa cha Saanane, mashua zinaondokea upande wa Capri Point, hajakaa vizuri keshafika. Akitaka harufu ya ziwa kamili aende Mwaloni Kirumba, akute dagaa na sangara wakavu wanavyopakiwa kwenda mbali. Pengine makumbusho ya Bujora tu ndiyo apande daladala ya Kisesa, na daladala yenyewe ni matembezi.

KOKU: Hapo sibishani na wewe. Nilipokuwa nafanya biashara Darajani, Unguja, zile meli kubwa za watalii zilikuwa zikija Malindi. Watu wanashuka na kibandiko cha namba kifuani. Kundi la saba linafuata kibao cha saba, jua kali, hakuna wa kupinda kichochoroni. Halafu wako wanaoshuka wenyewe, maana kutoka bandarini mpaka Ngome Kongwe ni mwendo mfupi tu. Hawa ndio waliokuwa wakifika kwenye meza yangu. Wale wa vibandiko wanapelekwa duka moja, na kiongozi ana chake pale.

MABULA: Umesema mwenyewe.

KOKU: Ngoja. Kuna kitu kile kibandiko kinanunua. Safari iliyouzwa na meli ikichelewa, meli inawasubiri watu wake. Uliyetoka mwenyewe ukichelewa, unaiona nyuma yake. Nimemwona mama mmoja wa kizungu anakimbia pale Malindi, viatu mkononi. Na saa za melini si lazima zifuate saa za Unguja. Nahodha akiamua saa zibaki za bandari waliyotoka, wewe unayeangalia saa ya simu umekwisha.

MABULA: New Victoria inaondoka usiku. Nilikuwa na mchana mzima.

KOKU: Mchana mzima uliufanyia nini?

MABULA: Nilifuata barabara ya kando ya ziwa kwa miguu, asubuhi mbichi, Kisiwa cha Musila kiko mbele yangu. Kosta ikanipita, wamepunga mikono. Nikanywa chai kwa mama mmoja karibu na soko, chapati na maharage. Hapo nikauliza kwa watu, nikaambiwa Waingereza walishuka na meli kutoka Kisumu mwaka 1915, Juni, wakaja kuwapiga Wajerumani na kuvunja mtambo wao wa simu ya upepo. Mama wa chai ndiye kanieleza, huku anageuza chapati.

KOKU: Safi. Halafu?

MABULA: Nikachukua bodaboda mpaka Katuruka.

KOKU: Aaa! Katuruka! Ukamwona nani pale?

MABULA: Sikukuta mtu, nikapita tu.

KOKU: Umepita. Mabula, pale watu waliyeyusha chuma zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Wataalamu wamechimbua tanuru zao. Kuna habari za Mfalme Rugomora Mahe, kuna mahali patakatifu pa Kaiija, na wazee wanazijua zile habari kwa mpangilio. Bila mtu wa kukusimulia, wewe umeona majani na migomba. Waliopanda Kosta walau wana mtu wa kuwaambia simama hapa, hapa palikuwa na moto.

MABULA: Lakini kwa sababu nilipita ndiyo nikaijua hii kahawa.

KOKU: Haya, ilete hiyo habari ya kahawa.

MABULA: Natembea katikati ya migomba, mzee kakaa nje ya nyumba yake. Nikampa shikamoo. Akaniuliza natoka wapi, nikasema Mwanza, akasema kaa. Akatoa kikapu kidogo cha kusuka, chenye mfuniko, ndani kahawa zimechemshwa zimekaushwa, rangi ya udongo uliolowa. Akanionyesha: unaipasua kwa meno ya mbele, ganda unalitema, ndani kuna punje mbili zimelaliana tumbo kwa tumbo. Uchungu kwanza, halafu kama majani fulani yenye harufu, halafu macho yanafunguka.

KOKU: Subiri. Mlikula vipi? Kila mtu alichukua yake?

MABULA: Nadhani. Ya kwanza aliipasua yeye, akanipa punje moja.

KOKU: Nyingine akala yeye?

MABULA: Ndiyo.

KOKU: Jamani! Wasikilizaji wa Kagera mmesikia? Mabula ana kaka Katuruka!

MABULA: Kaka gani?

KOKU: Zamani kwetu Wahaya watu wawili wakitaka undugu wa kuchanjana, wanachukua kahawa moja yenye punje mbili. Mtu anachanjwa kidogo karibu na kitovu, punje inapakwa damu, mwenzako anaimeza, na wewe unameza ya kwake. Kuanzia hapo ninyi ni ndugu. Huwezi kumnyima kitu, huwezi kumsaliti, watoto wake ni wako.

MABULA: Hakuna aliyenichanja!

KOKU: Damu haikuwepo, sawa, alikukaribisha tu kama mgeni. Lakini punje mmegawana. Akifiwa unakwenda?

MABULA: Da Koku...

KOKU: Mwanawe akioa, mchango wako uko wapi? Kamati ya harusi iandike jina lako?

MABULA: Mzee mwenyewe hana hata namba yangu.

KOKU: Ndugu gani hamna namba za simu? Halafu shemeji yangu, mke wa mzee, alikupikia?

MABULA: Alipika ndizi na maharage. Nimekula mpaka nikafungua mkanda. Nimekaa pale mpaka alasiri, mzee ananionyesha mibuni yake chini ya migomba, ipi ya baba yake, ipi kapanda mwenyewe.

KOKU: Na ulimwachia nini?

MABULA: Nilitaka kumpa 10,000. Akakataa, karibu akasirike.

KOKU: Sasa hapa nazungumza kweli, utani pembeni. Umesema umetembea kwa gharama ndogo kuliko Kosta. Hukutembea kwa gharama ndogo. Yule mama alichota akiba ya jikoni kwake, mzee akaacha kazi ya shamba siku nzima. Wale ndio waliolipa. Mwenye Kosta anamlipa mtoa maelezo, anamlipa mpishi. Wewe umekula kwa mtu asiyeweza kukutajia bei kwa sababu ya heshima yake.

MABULA: Hapana. Hapo sikubali kabisa. Sisi Usukumani mgeni akipita anapewa uji, anapewa kigoda, na hakuna anayehesabu. Babu yangu alikufa masikini na boma lake halikuwahi kumfukuza mpita njia. Ukimwambia mtu kama huyo kwamba ukarimu wake ni bili isiyolipwa, umemnyang'anya kitu cha thamani kuliko hiyo 85,000. Na pesa zangu nilizigawa: bodaboda kala, mama wa chai kala, aliyeniuzia hii kahawa sokoni kala. Ya kifurushi inaishia kwa mtu mmoja aliyekaa Mwanza.

KOKU: Mpita njia wa babu yako alikuwa anakwenda msibani, au ng'ombe wake wamepotea. Alikuwa na shida. Wewe ulikuwa na shida gani? Ulikwenda kutazama. Na meli ile inabeba watu 1,200. Wakishuka mia moja tu wenye mawazo kama yako, wakaingia migombani kusubiri kukaribishwa, yule mama atapika sufuria ngapi?

MABULA: Hawatashuka mia moja.

KOKU: Unawaambia washuke, hapa, sasa hivi, kwenye kipindi!

MABULA: Nawaambia watembee. Sijasema wakale kwa watu.

KOKU: Lakini kitu kilichokufurahisha ni kula kwa watu. Chapati umeitaja mara moja, mzee umemtaja nusu saa.

MABULA: Kwa sababu mzee ni mtu! Mtoa maelezo wa kukodi angenipa tarehe. Huyu kanionyesha mbuni wa baba yake.

KOKU: Mtoa maelezo naye ni mtu, ana watoto, na hiyo ndiyo kazi yake. Bibi yangu aliwalisha wageni maisha yake yote na hakuna aliyerudi. Nimekua naona. Kwa hiyo mimi sitabadilika.

MABULA: Na mimi sibadiliki. Siku nitakayomlipa mzee kwa kunikaribisha, nimemfanya mgahawa.

KOKU: Basi. Fundi ananionyesha vidole viwili, dakika mbili. Na tulikuwa na mambo matano ya kuwaambia watu wanaotaka kushuka bandarini wenyewe.

MABULA: Soma haraka.

KOKU: La kwanza: saa ya kuondoka iulize melini, kwa mhudumu mwenyewe, kabla hujashuka. Usiulize kijiweni. Na uwe umerudi gatini mapema, kiza kisikukute milimani. La pili, mahali palipo mbali na bandari papange asubuhi, vya karibu na gati uvimalizie jioni, maana ukikwama...

MABULA: Kwaya wako mlangoni, studio ni yao sasa.

KOKU: Matatu yamebaki!

MABULA: Yaache.

KOKU: Haya. Ila Desemba nakwenda kwa mama. Nielekeze kwa mzee, nimpelekee sukari kilo tano, niseme imetoka kwako.

MABULA: Nitapeleka mwenyewe. Na si malipo.

KOKU: Lini?

MABULA: Da Koku, wameshaanza kuingiza kinanda.