Nimezunguka Dodoma na mdogo wangu kutafuta sehemu za kwenye TV

Mbukwenyi! Habari zenu wote, mlioko Dar, Mwanza, Tabora, na ninyi wenzangu wa kwenye baridi. Leo hamlioni lile dirisha langu la Leicester lenye ukungu. Nipo Nkuhungu, Dodoma, uani kwa mdogo wangu, saa kumi na mbili jioni, na huo upepo mnaousikia kwenye maiki mnisamehe tu. Ndiyo Dodoma yenyewe.

Wazo lilianzia kazini. Kule Uingereza watu wanapanda treni kwenda kuona nyumba iliyoonekana kwenye tamthilia. Mtu anafika, anapiga picha na mlango, anarudi kwao roho kwatu. Kuna mwenzangu mmoja, yeye na dada yake hawakosi kila mwaka. Nikajiuliza, na mimi je, ningeenda wapi? Tamthilia zetu nyingi zinapigwa Dar. Lakini mimi sikukua na tamthilia. Nimekulia Kongwa, na kipindi nilichokiangalia utoto wangu wote ni Bunge.

Msicheke jamani. Jirani yetu alikuwa na TV ndogo ya kutumia betri ya gari. Mama akishamaliza kuuza karanga anakuja kukaa na sisi pale mkekani, na Mama Anne Makinda alipokalia kiti cha Spika mwaka 2010, mwanamke wa kwanza, mama ndiyo akawa habanduki. Na nyumbani tukawa na Bunge letu. Mama anauliza, usiku tule nini? Wanaoafiki makande waseme ndiyo. Ndiyooo! Wasioafiki? Mdogo wangu peke yake: siyo! Walioafiki wameshinda. Kila siku kura inamshinda, na kila siku ndiye anayemaliza sufuria.

Leicester nako mambo ni yale yale. Nahudumia wazee, zamu ya usiku. Kikao cha Bunge kinaanza saa tatu asubuhi ya huku. Kwangu, majira ya joto, ni saa moja, niko kwenye basi narudi kulala. Naweka spika za masikioni, nasikiliza maswali na majibu, na Alhamisi yale ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu. Mara mbili kituo kimenipita kwa sababu ya swali la nyongeza kuhusu barabara ya jimbo ambalo sijawahi kulikanyaga.

Basi, Ijumaa nikapanda treni ya SGR. Hii safari ya Dar hadi Dodoma imeanza Julai 2024, na mimi ndiyo mara yangu ya kwanza. Nyie mmeshaizoea, najua, lakini sisi tulioondoka enzi za kuketi kwenye basi mpaka miguu inavimba, mtuache tushangae kidogo.

Jumamosi asubuhi, moja kwa moja Bungeni. Hapo ndipo nilipochemka. Bunge halikai Jumamosi. Tena hata mkutano wenyewe haupo, bajeti walishapitisha mwezi wa sita, wabunge wako majimboni. Yaani mimi, mjuzi wa kanuni zote, nimetoka Uingereza kuja kuangalia geti. Na mdogo wangu alijua! Kwa nini hukuniambia? Eti, "Dada, ulikuwa na furaha sana." Askari alikuwa mpole, akatuelekeza tusogee ng'ambo ya barabara, na kamera ishuke. Kwa hiyo picha ya Bunge sina, msinitafute kwenye maoni.

Tukaenda Nyerere Square. Mdogo wangu akanunua mahindi ya kuchoma mawili, tukala tumesimama. Nilipomaliza langu akanipokea kamera, akanirudishia gunzi. Hakusema kitu, alininyooshea tu. Nikaelewa. Kongwa maiki yetu ilikuwa gunzi. Mimi mwandishi, yeye mpiga picha na kopo la Kimbo jichoni. Nikasimama mbele ya sanamu ya Mwalimu, nikasafisha koo: "Kutoka Dodoma, ni mimi..." Mbegu moja ya hindi ikanipalia. Tumerudia mara sita. Kuna familia ilisimama kutuangalia, na mtoto wao akamuuliza baba yake mimi ni wa kituo gani. Klipu nimeiweka mwishoni, picha inatikisika kwa sababu mpiga picha alikuwa anacheka.

Mchana tukapanda bajaji mpaka UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, nikaone Chimwaga. Kwa watoto wa juzi, kabla chuo hakijaanzishwa mwaka 2007 Chimwaga ulikuwa ukumbi wa CCM. Ndiko Mkapa alikopitishwa kugombea urais mwaka 1995. Nimeuona, nimepunga mkono, basi. Kilichonikamata kule ni mji wenyewe ukiutazama kutoka juu. Mabati mapya mpaka macho yanauma.

Sasa Jumapili. Mtumba, Mji wa Serikali. Pale mawaziri wanaposimama nje na maiki kumi mdomoni. Jumapili hakuna mtu, ni mlinzi na vumbi tu. Tunatembea kando ya uzio, mimi nalinganisha majengo na klipu zangu za kwenye simu, kama mwendawazimu. Nikafika mbele ya wizara moja, jina silitaji, nikasema, hii naijua! Klipu yake ninayo, waziri anaongea, nyuma yake nguzo. Mdogo wangu akachukua simu, akaisimamisha, akaivuta picha mpaka waziri akatoka nje ya kioo ikabaki nguzo.

"Hii nimepaka mimi."

Mnajua mdogo wangu ni fundi rangi. Nilikuwa najua anafanya vibarua Dodoma, sikujua wapi. Kwenye simu huwa tunaongelea ada za watoto na presha ya mama. Akaanza kunieleza: walikuwa wamepiga mkono wa pili, rangi bado mbichi, upepo ukaja na mchanga wote wa Ihumwa ukanata kwenye nguzo. Wakapiga msasa, wakarudia, na ule mkono wa tatu aliyewaajiri hakuulipa. Akaniwekea kidole kwenye kioo cha simu: "Hapa chini, unaona panavyokwaruza? Hapa nilichoka."

Ile klipu nimeiangalia sijui mara ngapi. Nikamwambia angeniambia, ningekuwa naangalia. Akasema, "Ungeangalia nguzo, dada? Mimi taarifa ya habari naangalia kuta tu. Waziri kasema nini, siulizwi."

Nilitaka tufike na Chamwino, iko mbele kidogo kwenye barabara hiyo hiyo ya Morogoro, lakini Ikulu si mahali pa kuzurura na kamera, na jua lilikuwa kali. Tukanunua zabibu, ndoo ndogo nzima, tukageuza.

Haya, naitwa ndani. Tumepigia kura chakula, mimi nilitaka wali, yeye, mkewe na watoto wawili wakataka ugali wa uwele na mlenda. Kaniuliza wasioafiki kwa sauti ile ile ya mama. Ngoja nizime, mlenda ukipoa hauliki.