Nani Anaruhusiwa Kulisimamisha Igizo?

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wasanii wenzangu, nashukuru. Wanaonifahamu wanajua ninakoelekea. Naona wengine wameshaanza kutabasamu. Tabasamuni tu. Nitayasema tena kwa sababu niliyoyasema mwanzo hayakusikilizwa.

Kila kikundi cha sanaa shirikishi ninachokutana nacho kinajitambulisha kuwa kinafuata njia ya Augusto Boal, yule mwongozaji wa maigizo wa Brazili. Wanaigiza tatizo, wanasimama katikati, mwezeshaji anawageukia watu: "Je, ninyi mngefanyaje?" Hayo yote ni ya Boal, sibishi. Ninachobisha ni kwamba umbo tumelichukua, lakini wazo lililozaa umbo hilo tumeliacha njiani.

Ya Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, mnayajua, nayagusa tu. Kwake hadhira inakaa, inaingiwa na hofu na huruma, inatakasika, inakwenda nyumbani. Brecht, mwandishi wa tamthilia wa Ujerumani, akasema ikae, ila ifikiri. Boal ndiye aliyeuliza: kwani lazima ikae?

Na hakuuliza kwa sababu alikuwa mjanja wa nadharia. Alifunzwa na mwanamke mmoja wa Peru, kwa ufagio. Kisa hiki nakisimulia kila mara, na leo mtakisikia chote.

Boal alikamatwa na kuteswa na utawala wa kijeshi wa Brazili mwaka 1971, akaenda uhamishoni Argentina. Mwaka 1973 yuko Peru, kwenye kampeni ya kisomo cha watu wazima. Wakati huo mtindo wake ulikuwa huu: waigizaji wanaonyesha tatizo, watu wanatoa mapendekezo wakiwa wamekaa, waigizaji wanayaigiza. Hapo wapo wengi wetu mpaka leo.

Basi akaja mama mmoja na jambo lake. Mumewe alikuwa akimwomba fedha kidogo kidogo, eti anawajengea nyumba mahali. Kila akipewa fedha anamletea karatasi: tunza hizi, ni risiti. Mama hajui kusoma. Akazitunza, na zilikuwa zikinukia manukato. Siku waliyogombana akampelekea jirani amsomee. Barua za mapenzi, kutoka kwa hawara! Na mume anarudi kesho. Afanye nini?

Wakaigiza. Watu wakapendekeza: amlilie mpaka aone haya. Wakaigiza, haikuridhisha. Amfungie mlango. Aondoke yeye amwachie nyumba. Zote zikaigizwa, zote zikakataliwa. Katikati ya watu alikuwapo mwanamke mmoja, pande la mtu, amenuna. Akasema: mke azungumze naye waziwazi kabisa, kisha amsamehe. Wakaigiza mazungumzo. Akasema siyo hivyo. Wakaongeza ukali. Siyo hivyo. Wakaongeza tena. Siyo! Boal uvumilivu ukamwishia, akamwambia: mama, sisi hatukuelewi, panda mwenyewe utuonyeshe.

Akapanda. Akachukua ufagio, akamshika yule mwigizaji maskini aliyekuwa mume, akamtandika kwelikweli. Alipotosheka akaketi, akamwambia: haya, sasa tumezungumza, nimekusamehe, nenda jikoni ukaniletee chakula changu.

Cheka, lakini angalia kilichotokea. Jibu lile halikuwa kichwani mwa Boal, halikuwa kwenye muswada, wala mwigizaji yeyote hakuweza kulibahatisha. Lilikuwa kwa aliyekuwa amekaa. Ndiyo maana tangu hapo hadhira ikaruhusiwa kupanda jukwaani. Ufundi huo ulizaliwa kwa sababu msanii alikubali kwamba hajui.

Sasa njooni kwetu. Niliwahi kukaa kwenye benchi la shule, kata moja ambayo sitaitaja, naangalia igizo la mimba za wanafunzi. Spika mbili, fulana za mradi, watoto wamejaa mbele vumbi tupu. Igizo likasimamishwa, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaitwa achukue nafasi ya mzazi. Akapokea kipaza sauti, wala hakumgusa yule binti aliyeigiza mwanafunzi. Akamgeukia aliyeigiza mwalimu, akauliza: "Na wewe, jioni ile ulimwitia nini nyumbani kwako?" Uwanja mzima ukalipuka. Mwezeshaji alifanya nini? Alikimbia kuchukua kipaza sauti. "Asante sana mama yetu, tumpigie makofi! Kwa hiyo ujumbe wetu leo ni nini? Wazazi tuzungumze na..." Na nani? Uwanja ukaitikia: "Na watotooo."

Ndugu zangu, huyo ni Aristotle amevaa fulana ya mradi. Watu wamepanda, wamepigiwa makofi, wameteremka, joto limewatoka. Bora hata yule wa Ugiriki, hakumdanganya mtu kwamba atashiriki.

Najua kuna mtu pale nyuma anataka kuniambia: mwalimu, wasanii wanakula kwa posho hiyo, na mfadhili anataka ujumbe ufike. Kula ni haki. Na zipo habari zisizohitaji mjadala, kwa mfano tarehe ya chanjo. Basi tungeni ngonjera! Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, mshairi Mnyampala na wenzake walizitumia ngonjera kueneza siasa ya Ujamaa, na kila aliyeketi alijua anafundishwa. Hakuna aliyeulizwa "ungefanyaje" halafu akanyang'anywa kipaza sauti. Kinachonikera ni kuuliza swali ambalo jibu lake limeshaandikwa kwenye ripoti.

Muda unanikimbia, lakini wapo waliowashirikisha watu kweli. Kamĩrĩĩthũ, Limuru, nchini Kenya, 1977: wanakijiji walihudhuria mazoezi ya tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, wakasahihisha lugha, wakasahihisha nyimbo, na uwanja wa maonyesho wakaujenga wenyewe. Kibali kikafutwa baada ya wiki chache, Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini mwisho wa mwaka, na mwaka 1982 uwanja ukabomolewa. Serikali ile ilielewa nadharia ya drama kuliko wawezeshaji wetu! Malya, Mwanza, miaka hiyohiyo ya themanini mwanzoni, kina Penina Muhando na Amandina Lihamba, wasomi wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walianza kwa kukaa kijijini na kusikiliza kabla ya kutunga chochote. Leo kikundi kinafika saa nne, saa nane kimeshapakia spika kwenye gari.

Ebrahim Hussein, mwandishi wa tamthilia wa Tanzania, na Brecht nilitaka niwaeleze, sitaweza. Mwenyekiti ameshaangalia saa mara mbili.

Niseme la Rio de Janeiro, kule Brazili, tu. Boal alichaguliwa diwani mwaka 1992, akawaingiza wasanii kwenye ofisi yake. Vikundi vya mitaani viliigiza matatizo, watu wakapanda, na waliyoyaonyesha yakaandikwa na wanasheria kuwa miswada. Sheria 13 zikapita. Kwa hiyo msiniambie kwamba maneno ya yule mama wa kwenye kata hayakuwa na pa kupelekwa. Palikuwapo mtendaji wa kata, palikuwapo mratibu elimu, wote mstari wa mbele, chupa za maji mkononi.

Haya, maswali. Nawaomba wanaonipinga waanze, na kipaza sauti kisinyang'anywe mtu.