Tusingoje Mazikoni: Mazungumzo na Wahitimu Wenzangu wa Nkrumah

Assalaam alaykum, walimu wenzangu. Wakubwa zangu, shikamooni. Ndugu zetu wa Pemba mliovuka jana kutoka Mkoani, karibuni tena Beit-el-Ras.

Nimeombwa nizungumzie siku zetu za chuo, na habari za majengo nitazipitia upesi kwa sababu mnazijua. Hapa Sayyid Said alianza kujenga kasri mwaka 1847, akafariki 1856 halijesha, na baadhi ya mawe yake yakaja kuchukuliwa kujengea njia ya reli ya Bububu. Kwenye uwanja huu ndipo kikakaa chuo cha ualimu, kikapewa jina la Kwame Nkrumah, na leo ni kampasi ya SUZA, yaani Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1999. Wajukuu zetu wanasomea digrii pale tulipokuwa sisi tukisomea cheti. Alhamdulillahi.

Ninalotaka kulisema hasa ni la dahalia. Mtu wa Makunduchi, Unguja, alilala kitanda cha pili na mtu wa Micheweni, Pemba, na wiki za mwanzo kila mmoja akimcheka mwenziwe kwa lafudhi. Yalipokuja mazoezi ya kufundisha, vicheko vikakatika. Usiku wa kuamkia ukaguzi, andalio la somo tayari, lakini zana bado. Mmoja anachora ramani ya Afrika kwenye karatasi ya manila, wa pili anamshikia taa, wa tatu anajifanya mwanafunzi mtundu na kumkera kwa maswali ili azoee. Asubuhi chai ya mkandaa na boflo, kisha gari la shamba. Darasani mkufunzi anakaa dawati la nyuma na daftari lake, hasemi kitu. Ukitoka, wa kwanza kukuuliza "vipi?" ni yule aliyekushikia taa. Naamini ualimu wetu ulijengeka usiku ule zaidi kuliko kwenye mihadhara. (Kinadada walikuwa na dahalia yao, na ya kwao watayasimulia wenyewe.)

Sasa tujiulize, watu hawa tunaonana nao wapi? Mazikoni. Alipofariki Mzee Ali Hassan Mwinyi, tarehe 29 Februari 2024, naye ni mwalimu mwenzetu, aliyesomesha Mangapwani na kuwa mwalimu mkuu pale kabla ya siasa, tulikwenda kumzika huko huko Mangapwani. Nilikutana na nyuso nilizozikosa miaka mingi. Tukapeana mikono, tukaambizana "tutafutane", tukatawanyika. Baadhi ya walioniambia neno hilo nimeshahudhuria hitma zao.

Kundi letu la WhatsApp lina faida kubwa. Habari ya ugonjwa inafika Wete saa hiyo hiyo, na mchango unapatikana. Lakini aliyepungukiwa na macho hasomi ujumbe, na aliyepooza mkono haandiki. Wapo pia walionyamaza kwa sababu kiinua mgongo kimekwisha na wanaona haya. Hao wafuatwe majumbani kwao. Piga hodi, kaa barazani, zungumzeni ya zamani mpaka Alasiri. Nilimtembelea mwenzetu mmoja ambaye wanawe waliniambia siku hizi hasemi. Nilipomtajia dahalia, akaanza kuyataja majina ya waliolala chumba chake, kitanda kwa kitanda, mpaka mlangoni. Wanawe walisimama wakilia.

La mwisho ni picha. Nashukuru mmekuja nazo. Nyingi nyuma hazina kitu ila muhuri wa studio. Katika ile tuliyopiga mbele ya dahalia wamo wawili ambao sisi wa Unguja tumeshindwa kuwatambua. Ndugu wa Pemba, waangalieni vizuri. Zote zipo pale mezani pamoja na kalamu za risasi, maana wino hupenya upande wa pili. Andikeni jina, kijiji, na skuli aliyopangiwa mara ya kwanza. Kamati itazitia namba. Chakula ni baada ya Adhuhuri, na wanaorudi na boti ya leo tuwatangulize wao.