Kwaheri Fairacre, na Mguu wa Bi Pringle

SALMA: Assalaam aleikum wasikilizaji. Leo Othman asinicheke.

OTHMAN: Nshaanza. Wahadithie ya kwenye boti.

SALMA: Natoka Mkoani, bahari imechafuka, mie nimeinamia kitabu cha mwisho cha Fairacre. Kufika ukurasa wa mwisho, machozi hayo! Bibi wa pembeni akanitia mkononi mfuko wa kutapikia. "Tapika mwanangu, usione haya."

OTHMAN: Ukatapika?

SALMA: Nikaupokea kwa adabu. Ningemwambia namlilia mwalimu wa kwenye hadithi?

OTHMAN: Kwa wageni wetu: mwandishi alijiita Miss Read, jina lake hasa Dora Saint. Kitabu cha kwanza cha Fairacre kilitoka 1955, cha mwisho 1996. Fairacre ni kijiji cha kubuni cha Uingereza, skuli ndogo, hauawi mtu. Tuna mafunzo matatu leo. La kwanza...

SALMA: Kwanza Bi Pringle.

OTHMAN: Lo, mguu!

SALMA: Yule ndiye msafishaji wa skuli. Majiko ya kupashia darasa joto anayasugua mpaka yang'are, halafu hataki yawashwe. Mwalimu akimwongezea kazi tu, mguu unawaka moto.

OTHMAN: Kwetu Wete tuna shangazi, goti lake linajua ratiba. Vyombo vya shughuli vikirudi, goti limevimba. Taarab ikipigwa, yumo mstari wa mbele anatunza!

SALMA: Na ukimuuliza?

OTHMAN: "Daktari kanambia nilinyooshe." Analinyoosha ukumbini!

SALMA: Msimseme, atasikia.

OTHMAN: Asikie. Siku ya kupaa samaki atanijibu kwa goti.

SALMA: Haya, turudi. Mwalimu anaumwa, anastaafu, anabaki na kijumba chake na hataki kuolewa. Mie hapo ndipo palipokuwa patamu.

OTHMAN: Hapo ndipo palipoharibika. Angemwacha darasani, kengele inalia, watoto wanagombana. Uzee ninao nyumbani, sina haja ya kuununua dukani.

SALMA: Kwa hiyo mtu akistaafu hana hadithi tena? Mwalimu wangu wa darasa la tatu mpaka leo akipita barazani wazee wanasimama.

OTHMAN: Wanasimama, wakishakaa wanamsahau. Mie nilifuata skuli. Skuli ikiondoka, nabaki na nini?

SALMA: Unabaki naye yeye!

OTHMAN: Yeye bila skuli ni mtu na paka wake.

SALMA: Othman, umekisoma hicho cha mwisho?

OTHMAN: Nusu.

SALMA: Sasa unabishana na nini?

OTHMAN: Na hiyo nusu. Imenitosha.

SALMA: Haijakutosha, umeogopa.

OTHMAN: Sikuogopa, nimechagua. Wewe ulilia, mie nikafunga kitabu.

SALMA: Siafikiani nawe hata kidogo.

OTHMAN: Wala sijakuomba. Fundi ananionesha dakika moja. Yale mafunzo?

SALMA: Yepi tena? Soma la kwanza upesi.

OTHMAN: "La kwanza, subira..." Basi, amezima taa nyekundu.