Dunia Inaanguka, Lakini Haifiki Chini

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote ni hili: nani anaisukuma Dunia? Gari likiishiwa mafuta husimama, baiskeli usipoikanyaga husimama, mbona Dunia haijachoka?

Naomba tuligeuze swali. Gari husimama kwa sababu barabara na hewa vinalizuia. Huko Dunia inakopita hakuna barabara, wala hakuna hewa ya kusuguana nayo. Kilichokwisha kuanza kwenda kitaendelea kwenda mpaka kipate cha kukizuia. Kwa hiyo la kujiuliza ni mwendo huu ulianzaje.

Tazameni mkononi mwangu. Hiki ni kijibomba cha kalamu iliyokwisha wino. Nimepitisha uzi ndani yake, na ncha ya juu nimefunga kijiwe. Nakizungusha juu ya kichwa, taratibu. Sasa kwa mkono wa pili nauvuta uzi kwa chini. Mmeona? Kijiwe kimesogea karibu na kimeanza kwenda mbio, hata mvumo wake umebadilika. Sikukisukuma. Nimekivuta kuelekea katikati, basi.

Ndivyo ilivyokuwa miaka bilioni 4.6 iliyopita. Wingu kubwa la gesi na vumbi lilianza kujikusanya kwa uvutano wake lenyewe. Lilikuwa na mzunguko mdogo tu, maana wingu lililotulia kabisa halipo. Kadiri lilivyojikusanya ndivyo mzunguko ulivyoshika kasi, likawa bapa kama sahani, Jua likaundika katikati na sayari pembeni. Ndiyo maana sayari zote 8 hulizunguka Jua kwa kuelekea upande mmoja. Katika kujizungusha kwenye mhimili, kila moja ina tabia yake: Mshtarii hukamilisha mzunguko kwa muda usiofika saa 10, Zuhura huchukua siku 243, tena kinyume na wenzake, na Uranusi imelala ubavu.

Dunia yetu nayo haina kasi ya zamani. Mwezi huvuta bahari, maji hujaa na kupwa, na msuguano wake hutupunguzia mwendo kidogo kidogo. Tunajuaje? Kwa matumbawe. Matumbawe hujenga utando mwembamba kila siku, na yale yaliyogeuka mawe miaka milioni 400 hivi iliyopita yana tando takriban 400 kwa kila mwaka. Mwaka ulikuwa na siku 400, maana Dunia ilijizungusha haraka na kila siku ilikuwa fupi! Kila nikilifikiria hili naduwaa, kwamba kiumbe mdogo wa baharini alituwekea kalenda kabla hajakuwako mtu wa kuisoma.

Tuje kwenye kulizunguka Jua. Mwaka 1687 Isaac Newton alionyesha kwamba nguvu inayoangusha vitu ardhini ndiyo hiyo hiyo inayoushika Mwezi na sayari. Maana yake ni kwamba Dunia inaanguka, sasa hivi tukiwa tumekaa hapa. Kila sekunde inakwenda kilomita 30 hivi, na katika sekunde hiyo hiyo inaangukia upande wa Jua kwa milimita 3. Tatu tu! Ni upana wa nafasi hii niliyoacha kati ya vidole vyangu. Milimita hizo zinatosha kupinda njia yake, ila hazitoshi kuifikisha. Laiti mwendo huo wa pembeni ungekatika ghafla, tungelifikia Jua kwa siku 65 hivi.

Hewa nayo ni hivyo hivyo. Molekuli za nitrojeni zilizomo ukumbini humu zinakimbia karibu mita 500 kwa sekunde, zinaishinda sauti yangu. Lakini kuponyoka Duniani kunataka kilomita 11.2 kwa sekunde, kwa hiyo zinaruka na kurudi. Haidrojeni na heliamu ni nyepesi, hukimbia zaidi, na kule juu kabisa kwenye joto kali baadhi yake hututoroka.

Sasa linganisheni Mwezi wetu na Titani, mwezi wa Zohali. Kuponyoka Mwezini kunataka kilomita 2.4 kwa sekunde, Titani 2.6. Karibu sawa. Hata hivyo Mwezi hauna hewa ya kuvuta, na Titani ina angahewa ambalo shinikizo lake ni mara 1.5 ya letu! Siri kubwa ni baridi. Titani iko nyuzi 180 hivi chini ya sifuri, molekuli zake hazina mbio za kutoroka. Uvutano na joto vinashindana, na kila sayari ina matokeo yake.

Wengi husema usumaku wa Dunia ndio unaotushikia hewa. Mimi naona tunaupa sifa kupita kiasi. Zuhura haina usumaku wake yenyewe, na hewa yake inagandamiza mara 90 na zaidi kuliko yetu. Mirihi ndiyo iliyopoteza: ni ndogo, uvutano wake hafifu, na kuanzia 2014 MAVEN, chombo cha Marekani kilichotumwa kuizunguka, kilipima jinsi upepo wa Jua, yaani chembe zinazotoka Juani kwa kasi, unavyoipokonya hewa. Shinikizo lililobaki halifiki asilimia 1 ya letu, na mabonde yaliyochongwa na maji yapo pale, makavu.

Uzi na kijiwe naviacha hapa mezani. Anayetaka kujaribu aje, ila wa jirani wasogee kidogo.